Moyo wa Mwanzisha Wimbo

Katika basi dogo la kutoka Kanama kwenda Gisenyi, Mukagatare, muuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, alimgeukia jirani yake aliyevaa sare ya uuguzi. "Mama, mutu iko na moyo mukubwa, si iko na nguvu?"

Muuguzi, mzaliwa wa Tanzania, akajibu taratibu. "Hapana, dada. Moyo ni msuli. Ukitanuka kupita kiasi unalegea kama mpira uliovutwa mno, damu haisukumiki. Mwenye moyo huo hafanyi kazi nzito."

Abiria wengine wakajifanya wanatazama ziwa, ingawa ziwa lilikuwa bado halijaonekana.

"Muganga wa hospitali alituambia moyo ya bwana yangu inakuwa mukubwa," Mukagatare akasema. "Bon, tulifurahi. Tulisema ni juu ya kupiga kasia, sawa vile mikono yake. Alikuwa anasema anachoka, mi namuambia, enda tu, ni we unaanzishaka wimbo, bila we wenzako watapiga kasia namna gani?"

"Na sasa anaendeleaje?"

Mukagatare akakunja kitenge chake cha matanga magotini. "Sasa wimbo inaanzishwa na mudogo wake."

Basi likasimama stendi, mlango ukafunguliwa, na siku hiyo hakuna aliyegombania kushuka.