Kukoroma kwa Musila

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo tunamkumbuka Musila Mulei, fundi wa mageti wa hapa Kitengela. Nimeombwa niseme alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Sisemi. Musila aliuawa na dawa mbili na bia.

Wengi mlimjua. Geti alilokutengenezea likibana, alirudi kulitengeneza bure, huku akikutania kwamba wewe ndiye umenenepa.

Mwaka huu alianguka kutoka kwenye ngazi, akaumia mgongo. Usingizi ukapotea. Daktari akampa dawa ya usingizi na kumkanya: usichanganye na pombe, wala na dawa nyingine kali. Narudia, alikanywa.

Jumapili, baada ya kanisa, akaja shemeji yake Katee, kaka yake Roda, mke wa Musila. Katee alileta masalio ya vidonge vikali vya maumivu alivyopewa alipofanyiwa upasuaji. Hapa kwetu dawa tunapeana kama chumvi. Musila alikuwa ameshameza ile ya usingizi. Akaongeza vidonge hivyo vya Katee, akateremsha na bia.

Akalala kwenye kochi, akaanza kukoroma. Wageni wakacheka. Katee akamrekodi kwa simu. Roda aliniambia hivi: "Nilizima TV. Nikaambia watoto wasipige kelele, leo baba yao ako na usingizi mzuri. Haki nilifurahi. Kumbe alikuwa anakufa na mimi namfunika blanketi."

Pombe, dawa ya usingizi na dawa kali ya maumivu zikikutana, pumzi hupungua mpaka ikome. Kukoroma kule kulikuwa kukosa hewa. Chai ilipoiva, Roda alimtikisa. Hakuamka.

Kwenye matanga nimesikia mkisema kazi ya Mungu haina makosa. Nyamazeni! Mungu hakuleta vidonge mfukoni. Na jana mama mmoja wa kanisa alifungua mkoba, akampa Roda kidonge cha usingizi. "Meza, mama, upumzike kidogo." Hakuuliza amekula wala kunywa nini. Roda akamjibu, "Toka kwangu na hiyo kitu." Mkanong'ona kwamba mjane hana adabu. Ninyi ndio hamna akili.

Pole sana, Roda. Poleni, watoto. Pole hata wewe, Katee, ingawa nina hasira nawe.

Tafakarini, wasikilizaji. Na kama hapo ulipo kuna mtu amekunywa, amemeza dawa, anakoroma na haamki ukimwita, usinisikilize tena. Zima redio. Mkimbize hospitali.