Bwana Kipo, Mthamini Aliyekataa Kuandika Kisichokuwepo

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Kipo, alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 katika chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya baiskeli alilosimamia baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alizoea kusimulia kwamba akiwa na miaka minne alizipiga kengele zote za dukani, zisizolia akaziweka kando, na mteja akizishika anamwambia, "Hiyo mbovu." Baba yake alimkanya. Hakukanyika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umeme wa magari mwaka 1976. Hakuwa wa kwanza darasani, na wasifu huu hautasema alikuwa wa kwanza. Yeye mwenyewe aliacha agizo: "Msije mkanitia rangi mpya siku ya kunizika."

Alianza kazi kwenye karakana moja karibu na stendi. Huko ndiko alikokutana na mke wake, fundi wa kushona viti vya magari aliyekuwa na kibanda jirani. Siku moja mwaka 1985 marehemu alinusa kiti alichokuwa akikimalizia binti huyo, akatamka mbele ya mteja, "Dada, hii si ngozi." Akajibiwa, "Kaka, nani kasema ni ngozi? Mteja kataka plastiki, kapewa plastiki. Wewe pua yako ndiyo imeongeza ngozi." Marehemu aliomba radhi siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka ikadhihirika kwamba radhi si kitu alichokuwa akikifuata pale. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 aliajiriwa na yadi ya magari yaliyotumika. Kazi yake ilikuwa kukagua nyongeza, yaani vile vitu ambavyo mwenye gari wa kwanza alivilipia zaidi: viti vya ngozi, dirisha la paa, kamera ya nyuma, rimu za fahari. Alikuwa na maswali matatu, na kila aliyefanya naye kazi anayajua kwa moyo: Kipo? Kinafanya kazi? Mnunuzi wa pili atakilipia? Alibonyeza kila kitufe. Dirisha la paa alilimwagia ndoo ya maji, na likivuja aliandika kwamba linapunguza bei badala ya kuiongeza. Rimu kubwa hazikumbabaisha. "Wa kwanza alinunua sifa," alisema, "wa pili atanunua matairi." Kwa miaka ishirini na tatu wanunuzi walikuja yadi ile wakiulizia saini yake kabla ya kuulizia bei. Yadi ilinona kwa saini hiyo. Hilo nalo liandikwe.

Tarehe 11 Septemba 2017 lililetwa gari la familia ambalo karatasi zake zilionyesha nyongeza moja ya maana: mifuko ya hewa ya ubavuni, ile inayofumuka kutoka ndani ya kiti gari likigongwa pembeni. Marehemu alipitisha kidole kwenye mshono wa kiti, akasita. Akamwita mkewe kutoka kibandani aje aangalie. Mkewe aliinama, akaugusa mshono mara moja tu. "Wa kiwandani huwa mwepesi, ili mfuko upasue utoke," alisema. "Huu umeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa turubai. Humu ndani hamna kitu."

Mnunuzi alikuwa mkunga mwenye watoto wawili, naye alikuwa ameketi ofisini akisubiri. Mwenye yadi akamvuta marehemu pembeni.

"Andika ipo tu, mzee. Nani atapasua kiti aangalie?"

"Ajali itapasua."

Hakuandika. Aliingia ofisini akamweleza mkunga ukweli wote, na mkunga akaondoka bila gari. Kabla ya jua kutua marehemu alikuwa amefukuzwa, bila barua, bila shukrani, na kesho yake picha yake ilibandikwa langoni mwa yadi: SI MWAMINIFU. ASIRUHUSIWE KUINGIA. Si mwaminifu! Yeye! Yadi nyingine nazo zikamfungia milango. Tangu hapo aliwakagulia watu magari yao kwenye benchi la kibanda cha mkewe, na kila jioni alizunguka njia ya mbali kurudi nyumbani ili asipite mbele ya lango lile. Familia iliona, ikaumia, ikanyamaza. Leo hainyamazi.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi wa Februari mwaka huu. Wodini alijaribu kitufe cha kuinua kitanda, akamwambia muuguzi, "Kipo, lakini hakifanyi kazi. Msikihesabu." Muuguzi alicheka hadi akaegemea ukuta. Marehemu alifariki tarehe 2 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Juzi mwenye yadi alileta shada la maua pamoja na aya iliyopigwa chapa, akaomba ichapishwe humu: kwamba marehemu "alistaafu kwa hiari" na "atakumbukwa kwa uaminifu wake." Binti mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye anayesoma hapa, alimsomea mama. Mama aliuliza, "Ile picha wameitoa langoni?" Binti alikwenda kuangalia. Ipo. Leo asubuhi alipita tena. Ipo. Basi mama akasema, "Hicho ni kilemba cha ukoka. Mrudishie." Kwa hiyo isomeke wazi: marehemu hakustaafu. Alifukuzwa kwa kukataa kusema uongo ambao ungeweza kuua watoto wa watu. Watoto hao wawili wamekuja na mama yao, yule mkunga, wamesimama pale nyuma, na wameshakuwa warefu kumpita.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na benchi ambalo halitaondolewa.

Na yeye apumzike kwa amani. Aliyeibandika ile picha ameketi safu ya pili. Yeye asipumzike mpaka akaibandue kwa mkono wake.