Mzee Gundi na Jumamosi Zake za Ukungu

Nimeambiwa niandike wasifu wa marehemu mume wangu. Nikasema waandike wenzake wa meza ya Jumamosi, maana wao ndio waliopata maneno yake. Mimi nilikuwa napata yale ya chumvi iko wapi. Shemeji yangu akanijibu, "Shemeji, mjane ndiye anayeandika. Wale ni wageni." Hilo neno wageni lilinipendeza, ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo anayetafuta makosa ya herufi ayatafute kimyakimya. Nitasoma mwenyewe, na kila mtu atangoja nimalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne wa seremala na mkewe. Alikuja duniani ametanguliza miguu, kama mtu anayejaribu maji. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa akisema kwamba neno la kwanza mtoto huyo kulishika barabara lilikuwa "halafu". Ukimwambia chakula kimeiva, anauliza halafu. Ukimwambia alale, anauliza halafu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa karibu na reli, kuanzia 1957 hadi 1964. Kiingereza kilimwingia mapema na hakikumtoka. Sekondari hakwenda, kwa sababu baba yake aliumia mkono kwa msumeno, ikabidi mmoja wa watoto apige randa. Alipiga randa miaka minne na wala hakulalamika, ila mbao hazikuwahi kumpenda.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha chapa, upande wa kujalidi vitabu. Kazi yake ilikuwa kushona kurasa kwa uzi, fungu kwa fungu, kupaka gundi mgongoni, kubana, na kuvalisha jalada. Huko ndiko alikopata jina la Gundi, na baadaye Mzee Gundi. Alifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2004. Kitabu alichokishona yeye unaweza kukishika kwa ukurasa mmoja ukakitingisha, kisianguke. Hilo nalisema bila kupendelea.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1974. Mimi wakati huo nilikuwa napiga pasi kwa dobi. Alileta shati lenye gundi kwenye mkono, akaniuliza, "Dada, hii haitoki?" Nikamwambia, "Haitoki. Wewe ndiye utoke, unawazibia watu njia." Kesho yake akaja na shati lile lile. Keshokutwa akaja nalo tena, na safari hii gundi ilikuwa mbichi. Nilimwona mjinga, nikampenda. Tulijaliwa watoto watatu, na kwa miaka kumi na sita Jumamosi zote zilikuwa zangu. Tulikuwa tukitoka jioni, tunazunguka hadi kituo cha zimamoto na kurudi, ananishika kiwiko kwenye sehemu zenye mashimo.

Mwaka 1991 mteja mmoja mgeni alileta kiwandani kitabu kilichovunjika mgongo, na hakurudi kukichukua. Kilikuwa kitabu cha mambo ya kutisha, cha jiji moja la Ulaya enzi za Malkia Viktoria: ukungu mtaani, taa za gesi, makaburi yanayofukuliwa, majumba yenye chumba kimoja kisichofunguliwa. Mume wangu alikisoma akaja nyumbani amekasirika. "Kitabu hiki kimepotewa na fungu," akaniambia. "Watu wanauawa, lakini hakisemi kwa nini wala kilichofuata. Hakina mwisho." Mjalidi akikosa mwisho wa kitabu, hawazi kitu kingine, anajua kuna fungu limedondoka. Akakifumua chote juu ya meza yangu ya kulia, akayapanga mafungu, akayakagua. Yote yalikuwepo. Ndipo akarudi kusoma zile kurasa za mwanzo alizokuwa ameziruka, akakuta kwamba hakikuwa kitabu cha hadithi. Kilikuwa mwongozo wa mchezo. Mmoja anasimulia, wengine wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu fulani wa jiji lile, wanarusha dadu zenye nyuso nyingi, na mwisho wanautafuta wenyewe.

Basi alikishona upya, na kuanzia hapo nilikuwa na mke mwenza wa karatasi.

Akaanza kuvitafuta vingine. Alivipata kwa mabaharia, kwa wauza vitabu chakavu, kwa mtoto wa bosi wake aliyekuwa akisoma nje. Vilikuwepo vya magonjwa ya enzi zile, vya reli zake, vya mavazi, kimoja cha mizuka mitupu. Mwisho vilijaza rafu nzima pale sebuleni, na kila kimoja alikivalisha jalada jipya la kitambaa. Mimi kanga zangu zilikaa kwenye sanduku. Marehemu alijua mwanamke wa enzi ya Viktoria alivaa nini chini ya gauni, tabaka kwa tabaka, na kamba zinafungwa upande gani. Siku niliyovaa gauni langu jipya la maua aliniuliza kama nimekata nywele. Nikamuuliza, "Gauni nalo linakatwa nywele?" Akasema samahani, alikuwa anafikiria kaburi fulani.

Na Jumamosi ikahama. Walikuja watu watatu: fundi friji tunayemwita Barafu, mama mmoja karani wa posta, na mwalimu wa hesabu. Walikaa kwenye meza yangu, pazia limefungwa mchana kweupe, mume wangu kichwani mwa meza na kitabu mbele yake. Mimi jikoni. Nilisikia sauti ambazo sikujua anazo. Alikuwa jaji, alikuwa mlinzi wa makaburi, alikuwa bibi mmoja mjane wa jumba kubwa, na alipokuwa yule bibi alisema taratibu na kwa huruma hadi karani wa posta akawa anapangusa macho. Kwa mjane asiyekuwepo sauti ilikuwa hiyo. Kwa mke aliyepo, ilikuwa, "Mama Mkubwa, maji yanachemka?"

Watasema sikukaribishwa kwa sababu vitabu ni vya Kiingereza. Barafu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na alikaa pale miaka yote, kwa sababu mume wangu alivisimulia kwa Kiswahili. Ukweli ni kwamba hakuniita, na mimi si mtu wa kuomba kiti ndani ya nyumba yangu. Nilikuwa nikipitisha chai, natazama viti vyote vimejaa, narudi.

Kitu kilichoniuma zaidi ni swali lake. Akishasimulia kwamba mlango umefunguka wenyewe, taa imezimika, na kuna kitu kinapumua ngazini, anamgeukia mmoja wao na kumwambia, "Unafanya nini?" Halafu ananyamaza. Nilikuwa nachungulia. Anamtazama huyo mtu kama vile duniani hakuna mwingine. Mimi hilo swali nilikuwa naulizwa nikidondosha sufuria.

Marehemu alianza kuugua moyo Agosti 2023. Alilazwa mara tatu. Mwezi Mei mwaka huu, siku moja wodini, nilimbembeleza asubuhi nzima anywe supu, akafunga mdomo kama mtoto. Wakafika hao watatu. Barafu akamwambia, "Mzee, tulikuacha kwenye handaki, na panya wanakuja." Mume wangu akakaa. Akanywa supu yote huku anawaeleza habari za panya. Wauguzi walifurahi. Mimi nilichukua bakuli nikaenda kulisuuza, nikalisuuza sana.

Baadaye daktari aliruhusu arudi nyumbani. Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, nilikuwa chumbani nakunja shuka zilizotoka juani. Alifumbua macho akanitazama. Akasema, "Unafanya nini?" Nikamwambia, "Nakunja shuka." Aliendelea kunitazama, nami nikaendelea kukunja. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki.

Juzi, watu walipokuwa wakipanga viti uani, nilimvuta Barafu pembeni.

"Akikuuliza lile swali lake, mnatakiwa mjibu nini?"

"Chochote, mama. Ukisema unakimbia, umekimbia. Ukisema unampiga mzuka kwa mwiko, tunarusha dadu tuone."

"Na usipojibu?"

"Anangoja. Mzee alikuwa akishauliza hasemi tena. Kinachofuata ni chako wewe."

"Hata ukichelewa?"

"Mwalimu wa hesabu alikuwa anachelewa sana," Barafu akasema. "Alikuwa anangojwa."

Sasa mimi sijui. Kama aliuliza kama mume anayeona mkewe ana shuka mkononi, nilimjibu sawasawa. Kama aliuliza vile alivyowauliza ninyi, basi nilikuwa nimeitwa mezani, nami nikaongea habari ya shuka. Nimewaza usiku na mchana na sipati upande. Wa kuniambia ni ninyi watatu tu, mnaojua alivyokuwa akiuliza.

Marehemu ameacha mjane, ambaye ni mimi na hakuna mwingine. Ameacha watoto watatu: binti yetu mshonaji, kijana wetu dereva wa lori, na kitinda mimba wetu ambaye ni mkunga. Ameacha wajukuu watano, dada mmoja na mdogo wake mmoja wa kiume. Shemeji amenisihi niwaweke na wale wa meza. Nimewaweka. Mstari wao ndio huu.

Mume wangu apumzike vizuri, na amani isimwondoke alipolala.

Nimesikia wale watatu wakinong'ona kuhusu vitabu, kwamba vitakwenda kwa nani, na karani wa posta ameshaleta na maboksi. Arudi nayo. Vitabu haviondoki kwenye ile rafu. Anayevitaka aje Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, aje na dadu. Mwalimu wa hesabu atasoma, Barafu atatoa sauti, na chai atapika karani, maana jikoni sitakuwepo. Mnieleze jiji lile lilivyo na huo ukungu wake, mnieleze na yule mjane alikuwa mtu wa namna gani, kisha mnipe mlango wowote wa kutisha mnaoujua, nami nitawaambia ninachofanya. Mkifika msinipe pole, nimeshapewa za kutosha. Nivutieni kiti.