Mama Martina Anakabidhi Milango, Kuanzia Shinyanga Hadi Nyarugusu

Baada ya kuitumikia kampuni ya Mohamedali na Wanawe kwa miaka thelathini na mmoja, Bi. Zipora Masele anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wengi wetu hatujawahi kumwita jina hilo hata siku moja. Kwetu ni Mama Martina, na wapangaji wa Geita humwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata wale waliomzidi umri. Kamati ya kumuaga imenipa mimi, Gregory, fundi wa vitasa, kazi ya kuandika habari zake. Walisema nimepanda naye gari mara nyingi kuliko mtu yeyote. Ni kweli, na mgongo wangu ni shahidi.

Mama Martina alizaliwa Songwa, wilayani Kishapu, katika familia ya wakulima wa pamba. Aliajiriwa mwaka 1994 kuuza vitenge katika duka letu la Shinyanga mjini. Marehemu Mzee Mohamedali, mwanzilishi wa kampuni, aligundua jambo moja: wateja walikuwa wanampita muuzaji asiye na foleni na kwenda kusimama kwenye foleni ya Zipora, kwa sababu angewauliza habari za mtoto aliyekuwa anaumwa mwezi uliopita. Kampuni ilipoanza kujenga nyumba za kupangisha, Mzee hakutafuta msimamizi mbali. Alimtoa dukani akampa funguo.

Na funguo zilikuwa nyingi. Kila nyumba mpya iliyojengwa Kahama, Katoro, Geita na Nyarugusu ilimwongezea mzigo begani. Alizibeba kwenye kikapu cha ukindu, na mlio wake ulitufikia ofisini kabla yake. Siku kikapu kilipodondokea ndani ya choo cha shimo kule Katoro, wapangaji wa jengo zima walikaa barazani mpaka jioni wakimsubiri fundi abadilishe vitasa vyote. Mama Martina alikaa nao. Aliagiza chai na chapati, akacheka nao, akasema shimo lile sasa ndilo lenye usalama kuliko benki zote za Kanda ya Ziwa.

Kwa hiyo Bwana Fahim, mjukuu wa Mzee, aliporudi kutoka masomoni na wazo la vitasa vya kidijitali, wengi wetu tulinuna lakini Mama Martina alipiga makofi. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Badala ya ufunguo, mpangaji anabonyeza namba yake ya siri mlangoni. Sisi tukiwa Shinyanga, kwa simu tu, tunaweza kumpa mtu namba, kuifuta, au kumfungulia aliyekwama, hata kama mlango wenyewe uko Geita. Mwaka 2019 mimi nilianza kuvifunga, na yeye akakabidhiwa kuvisimamia vyote.

Hatukuanza vizuri. Wiki ya kwanza kabisa alipanga ghala la Shinyanga lijifunge lenyewe saa ya chakula cha mchana, akasahau kwamba baba yake Fahim, Bwana Hozefa, alikuwa humo akihesabu mali. Bwana Hozefa alitoka nje mara moja kununua karanga, mlango ukajifunga nyuma yake, simu ikabaki ndani. Alisimama kibarazani na ndala miguuni, akiitikia shikamoo za wapita njia kwa heshima zote kana kwamba ndivyo alivyopanga, hadi Mama Martina aliporudi kutoka kula. Kule Nyarugusu nako vumbi la makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, liliziba vibonyezo kila mara. Mimi niliandika barua kuomba vitasa vipya. Yeye alikata madumu ya mafuta ya kula, akayakunja kama kofia, akaniambia niyagongomee juu ya kila kitasa. Kofia zile zipo mpaka leo, na wageni hudhani zililetwa na kiwanda.

Lakini kama ningetakiwa kueleza jambo moja tu kuhusu Mama Martina, ningeeleza lililotokea mwaka 2021 katika nyumba yetu ya Nyankumbu, Geita. Familia yenyewe imeniruhusu kulisimulia.

Alikuwapo mpangaji kijana aitwaye Ndaki, mchimbaji mdogo, aliyeishi pale na mkewe Vumilia na watoto wawili. Mkataba wa pango ulikuwa kwa jina la Ndaki, na namba ya mlango ilikuwa yake. Mkewe aliitumia hiyohiyo. Mwezi Machi duara, yaani shimo la dhahabu, alilokuwa akichimba liliporomoka, naye hakutoka hai. Tulichanga rambirambi, Mama Martina akaenda kuzika Kishapu, kijijini kwa akina Ndaki. Vumilia alibaki huko kwenye matanga.

Kabla matanga hayajaisha, kaka mkubwa wa marehemu, aitwaye Magesa, alikuja ofisini Shinyanga. Alikuwa na cheti cha kifo na maombi mawili: namba ya marehemu ifutwe, naye apewe namba mpya.

Mama Martina alimpa kiti na maji, akampa pole, kisha akamuuliza, "Shemeji yako anajua kuwa umekuja?"

Magesa alitazama maji yake. "Yule ni mgeni kwetu, Mama. Mali ni ya mdogo wangu."

"Basi nitampigia nimuulize. Namba hiyo ndiyo anayoingilia yeye na watoto."

Bwana Fahim alikuwa meza ya pili, naye hakupenda mteja azungushwe. "Mama Martina, utaratibu tumeuandika wenyewe. Namba ni ya mwenye mkataba. Mwenye mkataba amefariki, ndugu ameleta cheti. Ni kubonyeza tu."

"Najua ni kubonyeza tu, mwanangu. Ndiyo maana naogopa."

Hakubonyeza. Alimwomba Magesa arudi baada ya matanga, yeye na shemeji yake pamoja. Lakini Mama Martina alipokwenda Kahama kesho yake kukagua nyumba, Bwana Fahim alibonyeza. Nayaandika haya kwa ruhusa yake. Yeye mwenyewe alisema yasipoandikwa, habari haitakuwa kamili. Alifuta namba ya Ndaki, akampa Magesa mpya. Na kwa kuwa alijua Mama Martina angeweza kuirudisha kwa simu yake, akamwondolea ruhusa ya mlango ule.

Vumilia aliporudi Geita na watoto, mmoja mgongoni, alibonyeza namba aliyoizoea na kitasa kikawaka taa nyekundu. Akabonyeza tena. Nguo za watoto zilikuwa ndani, sufuria, godoro, cherehani yake. Alimpigia Mama Martina. Nilikuwa naye ofisini Shinyanga, na simu ilikuwa kwenye sauti kubwa kwa sababu alikuwa anaendelea kula.

"Mayu, mlango umenikataa."

Mama Martina aliacha kula. Alijaribu kuufungua kwa simu yake, akakuta hata jina la mlango ule halimo. Nilimwona akielewa. Hakupiga kelele. Alimwambia Vumilia aende kwa jirani, asilie mbele ya watoto, kisha akanawa mikono akaenda moja kwa moja kwa Bwana Hozefa, nami nikamfuata kwa kuwa sikujua la kufanya.

Bwana Hozefa alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mpole, na mtu mpole hapendi ugomvi wa watu. "Zipora," alisema, "mambo ya ukoo wa watu sisi tusiyaingilie."

"Tumeshayaingia, Bwana. Tumeyaingia kwa simu, tukiwa tumekaa hapa. Yule binti yuko nje na watoto, na aliyemfungia ni mimi na wewe. Magesa asingeweza kumtoa peke yake. Angehitaji kuvunja mlango, na majirani wangetoka."

Mama Martina akatoa simu ya kazi, akaiweka mezani. Akasema kama kazi yake sasa ni kufungia watu nje bila kuwaona, basi apewe mtu mwingine. Alikuwa amebakiza miaka michache tu kabla ya kustaafu, na bintiye Martina alikuwa chuoni akimtegemea yeye. Hata hivyo hakuirudisha simu mfukoni.

Bwana Hozefa ndiye aliyeichukua ile simu, akampa mkononi. "Nenda Geita. Ukifika, utakaloona ni haki, lifanye. Na Fahim aende na wewe."

Safari ile sitaisahau. Tulipokaribia Geita Bwana Fahim akauliza kwa sauti ndogo, "Watoto wana umri gani?" Mama Martina akamwambia.

Tulimkuta Magesa naye ameshafika, yuko ndani, na Vumilia kwa jirani. Mama Martina aliwaita wote wawili barazani, akamwita na mwenyekiti wa mtaa. Mimi nilitegemea ugomvi. Nilitegemea kumkuta mtu mwenye roho mbaya. Lakini tulipoingia, Magesa alikuwa amekaa sakafuni kando ya buti za mdogo wake, macho yamevimba.

"Sikuja kuiba," alisema. "Wenzake wa kwenye duara walianza kuulizia vifaa vyake. Niliona nikichelewa watabeba kila kitu, watoto wa Ndaki wabaki mikono mitupu."

"Nakuamini," alisema Mama Martina. "Sasa niambie. Mama wa watoto hao ulipanga alale wapi leo?"

Magesa akasema, "Mpaka huko sikufika."

Ndipo Vumilia akasema kwa mara ya kwanza, akimtazama shemeji yake usoni. "Ungeniuliza, ningekwambia. Vifaa vyake vya duara nilivihifadhi kwa mwenyekiti siku ileile ya msiba. Na mimi niliogopa haohao unaowaogopa wewe."

Mwenyekiti akakubali kwa kichwa. Magesa alijifunika uso kwa kofia yake, akalia kama tulivyolia sote siku ya mazishi. Vumilia hakumsogelea, lakini hakuondoka. Alisubiri amalize.

Mama Martina alifuta namba ya Magesa mbele ya macho yake, baada ya kumwomba kwanza. Kisha akampa Vumilia simu achague namba yake mwenyewe, akageuka kutazama barabara, akatugeuza na sisi. Taa ikawaka kijani. Magesa ndiye aliyebeba mabegi ya watoto kuyaingiza ndani. Alipoaga aliomba kitu kimoja cha mdogo wake cha kukumbukia, na Vumilia akampa koti. Nasikia Magesa ndiye aliyelima shamba la watoto wale msimu uliofuata, na kila mwaka huwaletea gunia la michembe, viazi vitamu vya kukausha, ambalo nusu yake huishia ofisini kwetu. Wabeja sana, yaani asante sana, Magesa.

Tukiwa njiani kurudi, Bwana Fahim aliomba radhi. Mama Martina alimjibu kwamba aliyetakiwa kuombwa radhi ni Vumilia, na Bwana Fahim akasema ameshamwomba, wakati sisi tumegeukia barabara. Wiki hiyohiyo wawili hao walikaa wakaandika upya utaratibu wetu. Tangu wakati huo kila mtu mzima anayeishi ndani ana namba yake, awe mke, mume, dada au mama mkwe, hata kama mkataba hauna jina lake. Namba ya mtu haifutwi mpaka tuzungumze naye ana kwa ana na awe na mahali pa kuweka vitu vyake. Na hakuna anayeweza kufuta peke yake. Ni lazima wawili wakubaliane. Utaratibu huo umetuchelewesha mara nyingi, na mara nyingine wapangaji wakorofi wamenufaika nao. Hatujaubadilisha. Kampuni nyingine mbili za mjini zimekuja kujifunza kwetu, na aliyewafundisha ni Bwana Fahim.

Vumilia bado yuko Nyankumbu. Ameongeza cherehani, anashona sare za shule, na mtoto aliyekuwa mgongoni sasa ananisumbua nimwoneshe ndani ya kitasa kuna nini.

Mwezi huu Mama Martina amekuwa akimkabidhi kazi Bi. Juliana, msimamizi mpya. Sisi tulidhani itakuwa kazi ya asubuhi moja, kuhamisha ruhusa kutoka simu hii kwenda ile. Wamezunguka wiki nzima. Juliana anasema katika kila nyumba walipiga hodi, wakaingia, wakakaa, wakajua nani anaishi na nani, nani anasubiri kujifungua, nani hasikii vizuri na agongewe kwa nguvu. Nyumba moja ya Katoro mwenyewe alikuwa anaoga. Juliana, kwa uchovu, akasema wangeweza kufungua wenyewe waketi kivulini ndani. Mama Martina akakunja khanga, akaitandika kwenye ngazi, akaketi juani. Juliana naye akaketi.

Mama Martina, umetufundisha kazi, na umetufundisha kungoja. Tunakushukuru kwa safari zote, kwa chai ya Katoro, kwa simu ile uliyoiweka mezani na hukuirudisha mfukoni. Tunajua unakwenda Songwa kulima dengu na kuimba kwaya, na kwamba Martina ameshakujengea nyumba yenye baraza pana. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, magoti yasiyouma, na wageni wa kukaa nao barazani hapo kila jua linapopoa. Sisi tutakuwa miongoni mwao, na tutakuja na njaa.