Jabez Tuckett, Aliyeogopa Kufunguliwa Barua

Mchungaji, majirani wa bonde la Clyde, na ninyi nyote mliofika hapa Bothwell kwa farasi na kwa miguu katika baridi hii, mimi Enoch, mwana wa kwanza wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee habari za maisha ya baba yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza pasifichwe kitu, hapatafichwa kitu.

Marehemu Jabez Tuckett alizaliwa tarehe 4 Machi 1806, katika kijiji cha Cheselcombe huko Dorset, Uingereza, akiwa mtoto wa tano wa mchunga kondoo Amos Tuckett na mkewe Thirza. Masomo aliyapata katika shule ya Jumapili ya kanisa, kwa majira mawili ya baridi, akatoka na Zaburi kumi na mbili kichwani, lakini kusoma kulimpiga chenga mpaka anaingia kaburini. Baadaye alijifunza kwa baba yake kufuma uzio wa fito wa kuzuia kondoo, na kwa kazi hiyo mikono yake ilijulikana vijiji vitatu.

Tarehe 12 Mei 1828 alifunga ndoa na Keziah Burt, wakajaliwa binti, Ann, aliyefariki akiwa na miezi minane. Ndipo mashine za kupura ngano zikaingia mashambani, na kazi ya kupura iliyokuwa ikiwalisha maskini majira ya baridi ikakoma, hata tarehe 25 Novemba 1830 marehemu pamoja na wenzake kumi na mmoja waliivunja mashine moja kwa nyundo, mchana kweupe, wakaenda nyumbani kusubiri kukamatwa. Mwezi Januari 1831 alihukumiwa kifungo cha miaka saba ng'ambo, na Keziah alimwona mara ya mwisho akiwa ndani ya gari la wafungwa, mvua inanyesha, wala hawakupata nafasi ya kuagana.

Alishushwa Hobart, bandari ya kisiwa chetu hiki, tarehe 29 Julai 1831, akakabidhiwa kwa mwenye shamba mmoja wa bonde hili, akachunga na kunyoa kondoo wake kwa miaka mitano. Msamaha ulipokuja mwaka 1836 ulimkuta ananyoa, akaomba kwanza amalize kumnyoa kondoo aliyekuwa mikononi mwake.

Katika shamba hilohilo alikuwapo mpishi, Susannah Orme, naye mfungwa, aliyeletwa kutoka Nottingham kwa kosa la kuiba kitambaa, ndiye mama yetu aliyeketi hapa mbele. Walipendana, na bonde zima lilijua, lakini marehemu alisema ana mke Dorset na hawezi kumdhulumu, akajenga kibanda chake hatua arobaini kutoka kwa mama, akafuma uzio katikati. Wanyoaji walimtania, "Jabez, uzio huo unamzuia nani, kondoo au Susannah?" naye akajibu, "Unanizuia mimi."

Mwezi Januari 1839 alimwomba mchungaji amwandikie Keziah kwamba yu huru, na akimtaka atarudi. Miaka miwili ikapita bila jibu. Mama alichoka, akamwambia, "Jabez, mimi si ng'ombe wa kufungwa nje ya zizi, kondoo wakiisha kunyolewa naenda Launceston kutafuta kazi."

Barua ilifika Februari 1841. Aliificha ndani ya pipa la unga siku kumi na moja, kwa hofu kwamba anaitwa nyumbani, na kwa aibu kwamba ameogopa kuitwa. Siku mama alipokuja kuaga, mzigo wake uko mlangoni, aliitoa akampa, akasema, "Wewe unajua kusoma. Lolote lililomo, nisomee."

Keziah alikuwa ameandika hivi: "Jabez, nakusihi usinishitaki. Nilikaa miaka saba, nikaambiwa umekufa, nikaolewa na Elias seremala, barua yako ikanikuta nina mtoto kifuani. Tangu siku hiyo kila mgeni akipita njiani najificha, nikidhani ni wewe. Kama una moyo, niambie hutarudi."

Mama anasema marehemu aliketi chini kwenye vumbi, akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Maskini Keziah, na yeye alikuwa ananiogopa mimi," kisha akasimama, akaubeba ule mzigo akaurudisha ndani. Jibu liliandikwa siku hiyohiyo, kwa mkono wa mama, na wanawake hao wawili wameandikiana tangu hapo, mwaka wa thelathini huu.

Mchungaji alipoisoma barua alikubali kuwafungisha ndoa, tarehe 3 Juni 1841, na Mungu akawajalia Enoch, Thirza na Lydia, na wajukuu tisa.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1869, na miezi minne ya mwisho alilala ameketi kitini. Aliniita akaniambia, "Enoch, ukiwaambia watu nilikuja hapa kwa hiari yangu, nitacheka ndani ya sanduku." Tarehe 9 Agosti 1871, saa nne asubuhi, alikunywa chai, akaomba dirisha lifunguliwe, akavuta pumzi moja ndefu isiyokwaruza, nasi tulipojua kwamba ndiyo ya mwisho tulilia, lakini tuseme kweli, nasi pia tulishusha pumzi.

Familia inamshukuru daktari aliyevuka mto uliofurika mara tatu kuja kumtazama, majirani walioleta kuni na supu ya kondoo, na wanyoaji wenzake waliochimba kaburi katika ardhi iliyoganda. Tunamshukuru na Bi. Keziah wa Cheselcombe, ambaye mama amekwisha kumwandikia, na kwa wiki nyingi ambazo barua itakuwa baharini, kwake yeye baba yetu angali hai.

Sisi tunaojua, tunakuaga. Pumzika, baba, kwa amani, huna tena wa kumwogopa.