Dresa Egbert Rwegoshora na Mafuta Kichwani mwa Kemirembe

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Leo tunamkumbuka Egbert Rwegoshora, dresa wa zahanati ya Kiruruma, aliyefariki mwezi uliopita. Dresa, yaani mfunga vidonda. Lakini huyu alikuwa mbishi, jamani!

Mwaka 1953 aliletewa binti wa kijiji cha Bugomora, Kemirembe, ameungua mkono. Alikuwa na kifafa. Aliangukia motoni jikoni, na watu wakamtazama tu. Waliogopa kumgusa, wasije wakaambukizwa.

Egbert alifunga kidonda, kisha akamgeukia mama mtu, Kokuberwa. "Mama, kabla hajaanguka, huanza nini?"

"Kidole gumba cha kulia. Hucheza chenyewe. Kila mara."

Kila mara! Egbert akalinasa neno hilo hapohapo. Kifafa kinachoanzia mahali pamoja, akawaza, huenda kina kitu mahali pamoja kichwani. Akambembeleza daktari wa wilaya mpaka binti akapelekwa hospitali kubwa, Uganda. Egbert mwenyewe akafuatana naye. Kabla ya kuondoka alimwahidi Kokuberwa: "Atarudi amepona."

Eksirei ikaonyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Madaktari wakahofia saratani. Wakafungua fuvu. Wakakuta nini? Mafuta, wasikilizaji! Mafuta ya manjano, kama samli iliyoganda. Uvimbe wa nadra sana, usioenea. Ila mishipa ya damu ilipita humo ndani. Daktari akatoa kipande, kingine akakiacha. Kutoa wote kungemuua.

Mjane wa Egbert, Xaveria, anakumbuka: "Alirudi ana aibu. Akaniambia, nimemwahidi mama wa watu nisichokuwa nacho."

Akaenda Bugomora, akasema ukweli. "Shikamoo mama. Nilikosea. Ataanguka tena, ila mara chache. Ugonjwa huu hauambukizi. Akianguka, mshikeni."

"Wewe utamshika?" Kokuberwa akauliza.

"Nitamshika."

Mara tatu Kemirembe alianguka kanisani. Mara tatu Egbert alipiga magoti, akamlaza ubavu, watu wote wakiona.

Siku ya mazishi ya Egbert, Kemirembe akaanguka tena, pale kaburini. Kokuberwa, sasa mzee, akahangaika apate njia amfikie. Hakuipata. Watu walishamzunguka mwanawe, wamepiga magoti, wamemshika.

Xaveria, poleni sana wewe na wanao. Mungu amlaze pema Egbert. Nawe msikilizaji, kama nyumbani kwako yupo mgonjwa anayeogopwa, nenda ukamshike mkono. Nenda sasa hivi. Redio itakungoja.