Eti Mmiminaji Hanywi

Benchi la mbele ya duka la Nang Vising, pale barabara ya kanisani inapokata kona, lina miguu mitatu na tofali moja. Asubuhi ni benchi la kahawa, jua likishuka ni benchi la tuba, pombe ya mnazi, na wanaokaa ni walewale, wanaoitana Pare, yaani rafiki. Tuba yao hunywewa kwa glasi moja tu: mmiminaji anamimina, anakupa, unakata yote, unarudisha, anammiminia anayefuata, mpaka galoni likauke. Miaka nenda miaka rudi mmiminaji alikuwa Santing, fundi wa kuezeka. Hakumpunja mtu, na yeye mwenyewe hakujipunja, wala hakumwaga tone, isipokuwa lile la kwanza la wasioonekana, chini ya benchi. Sasa Santing ameacha pombe. Alikwenda kwa dada yake mjini mvua zilipoanza, amerudi juzi na mashavu yamejaa, na tangu arudi, jioni anajifungia ndani kwa kuiogopa kona hii. Leo asubuhi alikuja na ombi moja: mmoja wao awe anakaa naye jioni, bila chupa. Alikuwa amelipanga vizuri njiani, lakini alipofika akaketi, akaomba kahawa kwanza.

— Pare, umenona, alisema Pulis, ambaye hajawahi kuwa polisi hata siku moja. Aliwahi kuokota filimbi tu.

— Ndiyo kuacha huko, ndugu yangu.

— Kuacha kunanenepesha? Sasa mke wangu yeye ameacha nini?

— Ameacha kukusikiliza! Nang Vising alidakia kutoka nyuma ya wavu wa duka.

Dok hakucheka. Huyu hutibu mbuzi na watu kwa dawa ileile, na jambo likishampita akili huliita ugonjwa.

— Mtu haachi tuba hivihivi, alisema. Santing katolewa ini.

— Akawekewa la nani?

— La nguruwe. Mjini wanafanya. We huoni mashavu? Pare, usinifiche, ukipita penye pumba husikii hamu?

— Dok, bwana!

— Nauliza tu! Kuuliza vibaya?

Santing alicheka mpaka kahawa ikamwagikia gotini. Alikuwa amewakosa watu hawa kuliko alivyoikosa tuba yenyewe.

— Sikukatwa popote. Kule kuna ukumbi wa parokia. Jioni tunakaa, viti vya plastiki, walioacha na wanaotaka kuacha. Kila mtu anasema yake, wenzake wanasikiliza.

— Anasema nini? Pulis aliuliza.

— Ukweli.

— Bila kunywa?

— Bila kunywa.

— Ukweli, mkavu hivihivi! Dok, umesikia mambo ya mjini?

— Uongo huo. Hii ni kazi ya wasioonekana tu. Pare, kumbuka vizuri, hukuwahi kusahau lile tone lao?

— Sijawahi.

— Hata mara moja? Kwa sababu wale wakikosa la kwao wanakuingia kooni. Kila unachomeza wanakula wao. Mwisho wake hata maji hayakushibishi.

— Mbona amenona, sasa?

— Wamenona wao, Pulis! Hayo mashavu si yake!

Nang Vising alipitisha birika dirishani akawajazia vikombe, na huku anamtazama Santing kwa jicho la mama.

— Mwacheni aseme, jamani. Dong, mwanangu, hukuja kuzungumzia mashavu wewe.

Santing aliweka kikombe chini.

— Jioni ndiyo taabu yangu. Mchana nipo juu ya mapaa ya watu, sina shida. Jua likianza kushuka mikono hainisikii tena. Kwa hiyo nilikuwa nafikiri, labda...

— Basi! Dok alijipiga paja. Mikono! Dawa ninayo. Pare, wewe mimina.

— Nimimine?

— Mmiminaji hanywi! Kazi yake kumimina. Unakaa na sisi, mikono ina kazi, upweke huna. Wewe unapona, na sisi hatupunjwi tena. Tangu uondoke anamimina Pulis, na mkono wake una upendeleo.

— Upendeleo kwa nani?

— Kwa Pulis!

Wakafurahi hao, kama wamevumbua dawa ya malaria. Nang Vising alisita, kisha akatoa kwenye rafu ya sabuni glasi ya jamu iliyomeguka mdomo. Ile glasi ya siku zote. Tangu Santing aondoke walikuwa wananywea kikombe cha bati, kwa sababu Dok alikataza watu wengine kuishika.

— Tujaribu na kahawa kwanza, alisema Dok kwa upole.

Santing aliishika. Akamimina kipimo kilekile, vidole viwili juu ya kitako, bila hata kutazama, na kabla hajampa Pulis mate yakamjaa mdomoni. Akaiweka glasi chini taratibu. Kilichomuuma ni kwamba wanampenda kweli, na hawana pengine pa kulitia pendo hilo ila humo glasini.

— Siwezi. Hata ikiwa na kahawa, inaniita.

Dok aliinamisha kichwa.

— Sasa tukusaidieje, Pare? Sisi hatujui.

Pembeni, akila mkate, alikuwepo Nulfo, mkwe mpya wa Nang Vising, kaja wiki iliyopita kutoka kisiwa cha pili. Tangu afike hajasema zaidi ya shikamoo na asante.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Nyinyi mkiwa hamnywi, jioni huwa mnakutana wapi?

— Swali gani hilo? Pulis alijikuna shingo. Tunakutana... Si tulikutana ubatizo wa binti yangu?

— Tulikunywa, alisema Dok.

— Mazishi ya baba yako?

— Tulikunywa. Hata marehemu tulimmiminia.

— Siku ile tunaezeka jiko la Nang Vising!

— Ndiyo maana linavuja, Nang Vising alisema.

Wakacheka sana, halafu kicheko kikafifia. Pulis aliinua birika, akalitikisa. Tupu.

— Mimi nilikuja kuomba mtu wa kukaa naye jioni, alisema Santing. Bila chupa. Ni hilo tu.

Dok alitazama barabarani, kwenye njia anayopita mgema na galoni lake. Santing akachukua kofia yake pale benchini.

— Kuanzia leo? Pulis aliuliza.

— Leo.

— Sasa, Pare, alisema Pulis, na safari hii hakuwa na utani hata kidogo, alitaka kujua. Hiyo jioni tutafanya nini?

Santing alisikia "tutafanya", si "utafanya". Machozi yakamlengalenga mbele ya watu wote, akarudisha kofia benchini.